Mchango wa Kila Tani: Jinsi Wakulima wa Zabibu na Watengenezaji wa Mvinyo wa Australia Kusini Wanavyougharimia Mkoa Wao

Chupa ya mvinyo yenye jina la Barossa, mkoa wa mvinyo katika jimbo la Australia Kusini, kwenye lebo mara nyingi huuzwa ghali kuliko chupa isiyotaja zabibu zake zimelimwa wapi, na tofauti hiyo ya bei haitokani na juhudi za mtu mmoja. Imejengwa na vizazi vya wakulima na watengenezaji wa mvinyo, na kila mwenye shamba ndani ya mipaka ya mkoa huo huifaidi, awe ameichangia au hakuichangia. Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Utafiti wa magonjwa ya mizabibu, maonyesho ya biashara ya nje na takwimu za mavuno ni huduma ambazo hazimbagui mtu, na kwa sababu hiyo kila mmoja ana kishawishi cha kumwachia jirani yake azilipie. Mimi ni mchumi wa kilimo, na katika njia zote nilizozichunguza za kulitatua tatizo hili, ile ya jimbo la Australia Kusini ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu imeandikwa na watu walioelewa kwamba mkulima hachukii kuchangia, bali huchukia kuchangia asichokiona.

Msingi wake ni sheria ya jimbo ya mwaka 1998 inayomruhusu Waziri kuunda mfuko kwa ajili ya zao au sekta fulani ya uzalishaji, kwa kanuni mahususi za mfuko huo. Barossa ina mfuko wake, kama ilivyo kwa McLaren Vale, Langhorne Creek, Adelaide Hills, Clare Valley na Riverland, na sekta kama za ng'ombe, kondoo na nguruwe nazo zimetumia sheria hiyohiyo. Katika mikoa ya mvinyo, anayechangia si mkulima peke yake. Mkulima hulipa kwa kila tani ya zabibu anayoiuza, na mtengenezaji wa mvinyo naye hulipa kwa zabibu za mkoa huo anazozisindika. Fedha huwekwa katika mfuko uliotengwa, kisha hupelekwa kwa chama kinachowawakilisha wachangiaji, kwa mfano Barossa Grape & Wine Association, ambacho sasa hujulikana kama Barossa Australia, kwa kazi zilizotajwa na kanuni: kuutangaza mvinyo wa mkoa, utafiti, ukusanyaji na usambazaji wa taarifa, na shughuli za kuwakutanisha wadau.

Ni vyema kuutazama ukusanyaji wenyewe kwa karibu, maana mifuko mingi ya aina hii duniani hufia hapo. Hakuna mkusanyaji anayezunguka mashambani. Zabibu hufika kiwandani, hupimwa kwenye mizani, na kiwanda humwandalia mkulima hati ya malipo. Juu ya hati hiyo huandikwa uzito na bei ya tani, kisha hufuata makato: tozo ya taifa ya utafiti wa zabibu, ambayo ni dola 2 za Australia kwa tani, na chini yake mchango wa mfuko wa mkoa. Kiwanda huyakata makato hayo, huongeza mchango wake chenyewe, na kuwasilisha fedha zote. Mzigo wa kuweka kumbukumbu humwangukia mwenye mizani, ambaye tayari anazihitaji takwimu hizo kwa biashara yake. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari limewekwa mahali ambapo lingekuwepo hata kama pasingekuwa na mchango wowote.

Kifungu ninachokithamini kuliko vyote ni kile kinachomruhusu mchangiaji kudai arejeshewe fedha zake. Asiyeridhika na matumizi ya mfuko anaweza, ndani ya muda uliowekwa na kanuni, kuandika na kuomba mchango wake wa mwaka urudishwe, na akafuata utaratibu atarudishiwa. Kwa upande wa pili, sheria inaruhusu asiyechangia azuiwe kupata huduma za moja kwa moja zinazolipiwa na mfuko. Wapo wachumi wanaoiona haki hii ya kurejeshewa kuwa udhaifu, kwa hoja kwamba inafungua mlango kwa wanaotaka kula bila kuchangia. Siafikiani nao. Sifa ya jumla ya mkoa kweli haiwezi kufungiwa mtu, lakini chama kinachojua kwamba kila mwaka wanachama wanaweza kuondoka na fedha zao hulazimika kueleza kila dola imefanya nini. Sheria yenyewe inadai pia mpango wa matumizi unaotazama miaka 5 mbele, nao unapaswa kuwekwa mbele ya mkutano wa wazi. Nchini New Zealand wamefika palepale kwa njia nyingine: amri ya tozo ya zao hukoma baada ya miaka 6, na haiwezi kuwekwa upya bila kura inayopata wingi kwa hesabu mbili, idadi ya wakulima na kiasi cha uzalishaji.

Juu ya ngazi ya mkoa ipo ngazi ya taifa, inayosimamiwa na Wine Australia, chombo kilichotokana na kuunganishwa kwa taasisi mbili mwaka 2014. Hicho hupokea ile tozo ya dola 2 ya mkulima, tozo nyingine inayolipwa na kiwanda kulingana na tani zinazosindikwa, na tozo ya mauzo ya nje. Kwa upande wa utafiti, na si wa matangazo, serikali ya shirikisho huongeza dola moja kwa kila dola inayotumika, hadi kufikia asilimia 0.5 ya thamani ya uzalishaji wa sekta. Nyongeza hiyo imebadilisha hesabu kwa mkulima, kwa kuwa dola yake ya utafiti hufanya kazi ya dola mbili.

Fedha hizi zimenunua nini? Mfano mzuri ni wa zamani kuliko mifuko yenyewe. Mwaka 1877 filoksera, mdudu mdogo anayeishambulia mizizi ya mzabibu hadi mti ukafa, aligunduliwa karibu na Geelong katika jimbo jirani la Victoria. Australia Kusini haikungoja. Mwaka 1899 ilitunga sheria na kuunda bodi ya kupambana na filoksera, iliyogharimiwa na wenye mashamba wenyewe. Bodi hiyo ingalipo, sasa kwa jina la Vinehealth Australia, na kila shamba la mizabibu lenye nusu hekta au zaidi lazima lisajiliwe kwake. Filoksera hajaingia Australia Kusini hadi leo. Ndiyo sababu Barossa ina mizabibu iliyopandwa tangu mwaka 1843, ikiwa bado imesimama juu ya mizizi yake yenyewe, wakati sehemu kubwa ya Ulaya ililazimika kubebesha mizabibu yake kwenye mashina ya mizabibu ya Marekani. Mwaka 2009 Barossa iliweka madaraja rasmi ya mizabibu ya kale, kuanzia iliyotimiza miaka 35 hadi iliyovuka 125, na kwa hatua hiyo ulinzi uliolipiwa kwa zaidi ya karne moja ukawa sababu ya mnunuzi kulipa zaidi. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa tozo iliyorudi kwa aliyeitoa, ingawa ilirudi kwa wajukuu wake.

Mengine yanaonekana mapema zaidi. Taasisi ya utafiti wa mvinyo iliyoanzishwa mwaka 1955, yenye makao Adelaide, hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka kwenye tozo kupitia Wine Australia, na ina dawati la msaada: mtengenezaji ambaye uchachushaji wake umekwama katikati ya msimu, sukari ikiwa bado haijaisha kwenye pipa, hupiga simu na kuongea na mtaalamu. Kwa kiwanda kidogo kisicho na maabara, simu hiyo inaweza kuokoa mvinyo wa mwaka mzima. Huko McLaren Vale, chama cha mkoa kilibuni mpango wa wakulima kujipima katika matumizi ya maji, udongo na viuatilifu, na mwaka 2019 mpango huo ukaunganishwa na mwingine na kuwa mpango wa taifa zima.

Hata hivyo, namna viwango vinavyopangwa inanipa wasiwasi. Tozo ya kiwango kimoja kwa tani ni rahisi kukusanya lakini haioni bei. Mkulima mwenye tani 50 anayeuza kwa dola 2,000 kwa tani hulipa dola 100 kati ya dola 100,000, yaani asilimia 0.1. Mwenzake wa mkoa wa joto na kilimo cha umwagiliaji, anayeuza kwa dola 200 kwa tani, hulipa dola 100 zilezile kati ya 10,000, yaani asilimia 1. Wakati China ilipoweka ushuru mzito dhidi ya mvinyo wa Australia, kwa muda kuanzia Novemba 2020, na rasmi kuanzia Machi 2021 hadi Machi 2024, na bei ya zabibu nyekundu ikaanguka, ni huyu wa pili aliyeumia, na tozo yake haikushuka pamoja na bei. Tozo ya mauzo ya nje nayo hupungua kadiri kampuni inavyokua: asilimia 0.2 kwa dola milioni 20 za kwanza, asilimia 0.1 kutoka hapo hadi milioni 70, na asilimia 0.05 kwa kinachozidi. Kampuni inayouza nje mvinyo wa dola milioni 10 hulipa dola 20,000, na inayouza wa milioni 100 hulipa dola 105,000, ambazo ni karibu nusu tu ya uwiano wa yule mdogo. Hoja ya kuwabakiza wakubwa ndani ya mfumo ninaielewa, lakini kwa maoni yangu New Zealand imetenda haki zaidi kwa kukata asilimia ya bei ya zabibu, hata kama usimamizi wake una kazi kubwa.

Kwa msomaji wa Tanzania, suala hili halipo mbali. Mkoa wa Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, una kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, na mvinyo unaotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani hutozwa ushuru wa bidhaa ulio mdogo kuliko wa mvinyo mwingine. Mnunuzi wa mazao tayari hulipa ushuru wa mazao kwa halmashauri, ambao tangu mwaka 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Njia ya kukusanya, basi, ipo. Tofauti ni kwamba fedha hizo huingia katika mapato ya jumla ya halmashauri, na si katika mfuko wa zabibu. Wakulima wa korosho wanaijua tofauti hii vizuri: hadi mwaka 2018 asilimia 65 ya ushuru wa kuuza korosho ghafi nje ilirudi kwenye sekta, kisha sheria ikabadilishwa na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina, baada ya mjadala mkali bungeni.

Kuongeza tozo mpya juu ya ushuru uliopo kungemwonea mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, ambaye mara nyingi hukosa mnunuzi wa zabibu mbichi na kulazimika kuzikamua auze mchuzi wa zabibu kwa viwanda vikubwa. Ninachopendekeza ni kutenga kisheria sehemu ya ushuru anaokwisha kulipiwa, kukitaka kiwanda kiweke kiasi kinacholingana nayo kwa kila kilo ya zabibu na kila lita ya mchuzi kinachopokea, na kuwapa wakulima, kupitia vyama vyao vya ushirika vya msingi (AMCOS), nusu ya viti katika kamati itakayoamua matumizi. Na matumizi ya kwanza, kama ningeulizwa, yangekuwa matangi ya pamoja ya kuhifadhia mchuzi, kwa sababu mkulima asiye na mahali pa kuhifadhi huuza kwa bei yoyote atakayotajiwa wiki ya mavuno.