Rubi 17 za saa ya babu
Hapa Mbeya ukirithi saa ya dhahabu, hukosi kuambiwa ndani mna rubi 17 za mamilioni. Rubi zimo kweli, ila karibu zote za karne ya 20 ni za kutengenezwa, kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na thamani yake ni ndogo mno. Fungua mfuniko uone: vidoa vyekundu, vidogo kama punje ya ulezi, vingi vimeshika ncha za ekseli ili chuma kisisagane na chuma. Tafadhali, usikubali zing'olewe. Saa itakufa bure. Dhahabu iko kwenye kasha. Tafuta muhuri wa 750, yaani karati 18. Kisha ivae, na uitie ufunguo kila asubuhi ukiwa umeivua mkononi.