Mtoto hashiki kusoma: tunaanzia wapi?

Wazazi wengi wanaoletwa kwangu na walimu wa madarasa huja na hukumu iliyokwisha kutolewa: mtoto yuko Gredi ya 3, hashiki kitu, kichwa kizito. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu katika shule ya msingi ya kawaida hapa Mombasa, na kazi yangu ya kwanza ni kuiahirisha hukumu hiyo. Kushindwa kusoma ni dalili tu, kama homa. Chanzo lazima kitafutwe.

Huanza na masikio. Mafua ya mara kwa mara yanaweza kuacha majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio, mtoto akasikia vizuri wiki hii na wiki ijayo sauti zikamfikia hafifu. Kubadilika huko ndiko kunakomponza, kwa sababu mwalimu huona mtoto aliyeitika jana na leo haitiki, akasema ni kiburi. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono ulionyooshwa, yeye akiwa ameziba sikio moja. Mnong'oneze tarakimu tatu azirudie, kisha fanya hivyo kwa sikio la pili ukitumia tarakimu nyingine. Hiki si kipimo cha daktari, lakini akikosa mara mbili, aende hospitali sikio lichunguzwe kabla hatujasema lolote kuhusu akili yake. Na darasa lenyewe huchangia. Mvua ya masika ikipiga juu ya mabati, hata mwenye masikio mazima haisikii imla, kwa hiyo siku hizo imla iahirishwe. Mwalimu naye asizungumze huku amegeukia ubao: mtoto mwenye usikivu hafifu husoma midomo bila hata kujua kwamba anafanya hivyo.

Macho ni rahisi zaidi. Anayekosea akinakili kutoka ubaoni lakini akapatia akinakili kutoka daftari la jirani, apelekwe akapimwe macho.

Halafu kuna makosa yasiyohusu ulemavu hata kidogo. Mtoto wa Mji wa Kale anayeandika "mato" badala ya macho, "ndia" badala ya njia, "kitwa" badala ya kichwa, ameandika sawasawa anachokisikia kwa nyanya yake. Huyo anajua kuzigawa sauti na kuzipa herufi zake, na hilo ndilo jambo gumu. Anahitaji kuonyeshwa kwamba shuleni tunaandika namna nyingine, bila ya nyumbani kudharauliwa. Vivyo hivyo mtoto aliyelelewa kwa Kidigo au Kigiriama: apewe muda wa lugha kwanza. Huniuma sana kukuta daftari la mtoto kama huyo limejaa wino mwekundu na jina lake limeshatajwa kwa ajili ya kitengo maalumu.

Ninaposhuku disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili, sikimbilii kitabu cha kusomea. Humuuliza maalim wa chuoni, yaani madrasa. Mtoto aliyehifadhi sura kadhaa kwa kusikiliza, akazisoma kwa ghibu bila kukosea, kisha juzuu likifunguliwa akashindwa kufuata mstari, ananieleza mengi: kumbukumbu yake ya kusikia ni nzuri, ugumu uko kwenye maandishi. Kwa watoto Wakristo huuliza kuhusu nyimbo na aya za shule ya Jumapili. Ni ajabu jinsi shule na chuo zinavyomgawana mtoto mmoja kila siku, na walimu wa pande mbili hawajawahi kuzungumza.

Kipimo kingine watoto wetu wanacho wenyewe, nacho ni kinyume, mchezo wa kugeuza silabi za neno. Wenzake wakigeuza nyumba ikawa "mbanyu", samaki ikawa "kisama", kitabu kikawa "bukita", yeye anabaki anacheka tu bila kuingia mchezoni. Kuishika silabi kichwani na kuihamisha ni kazi ileile inayohitajika katika kusoma. Kwa hiyo tunacheza. Tunaanza na maneno ya silabi mbili au tatu, tunapiga makofi kwa kila silabi, kisha tunaiondoa ya kwanza: sema samaki bila "sa".

Disleksia kwa Kiswahili haionekani kama inavyoelezwa katika vitabu vya Kiingereza. Maneno yetu husomwa yanavyoandikwa, kwa hiyo mtoto anaweza kuyasoma mengi bila kosa, ila polepole mno, hata akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshampotea. Walimu huambiwa watafute b na d zilizogeuzwa, ilhali hata watoto wasio na tatizo huzigeuza mpaka miaka saba hivi. Mimi naangalia kasi, na naangalia vitenzi virefu. "Hawakutusomesha" ina silabi saba. Mtoto hushika mbili za mwanzo, nyingine akazibahatisha, na kwa Kiswahili kubahatisha kunaharibu kila kitu, maana nafsi, wakati na ukanushi vyote vimo ndani ya neno lilelile.

Basi tunaanza na mzizi. Naandika "som" kwenye kadi ya rangi moja, viambishi kwenye kadi za rangi nyingine, na mtoto anaziunganisha kwa mikono yake: soma, anasoma, wanasoma, hawakusoma. Anatamka, anatenganisha, anaunda upya. Dakika kumi na tano kila siku zinafaa kuliko saa nzima ya Ijumaa. Darasani asiitwe kusoma kwa sauti bila kuandaliwa, na maswali ya sayansi aulizwe kwa mdomo, kwa sababu sayansi yenyewe anaijua.

Fimbo haifundishi silabi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipiga marufuku. Kuhusu kombe (aya zilizoandikwa kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya kunywa) na dua, ambazo familia nyingi huanza nazo, sizipingi. Imani ni yao na mtoto hupata faraja. Ninachoomba ni kwamba zisisubiriane na daktari.

Yote haya huandikwa kwenye karatasi moja, mpango wa mtoto. Lengo la "aimarike kusoma" silipokei. Ninalopokea ni kama hili: kufikia mwisho wa muhula asome maneno kumi yenye mba, nda na nywa bila msaada, na pembeni tuandike nani atamsomesha shuleni na nani nyumbani.

Muhula ukiisha bila kusogea, au dalili zikiwa nzito tangu mwanzo, tunakwenda kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984, na bado wazazi wanaviogopa wakidhani mtoto atafukuzwa shule. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizochangamana na jamii, na sera ya 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu inasisitiza elimu jumuishi. Wapo wanaofaidika zaidi na shule maalumu, na hapa tunazo, kama ya wasioona kule Likoni na ya wenye ulemavu wa viungo kule Port Reitz. Lakini mtoto asiyesoma vizuri, anayesikia, anayeona na anayeeleza hadithi vizuri, mahali pake ni darasani na wenzake.

Siku ya tathmini beba kadi ya kliniki ya utotoni, karatasi za hospitali na madaftari ya mwaka jana na mwaka huu, hasa yale yenye makosa mengi. Mtoto aende akiwa amelala vya kutosha na amekula. Ukitoka, omba nakala ya ripoti uihifadhi: mkihama kutoka Changamwe kwenda Mtwapa, mwalimu mpya ataanzia hapo.