Kuhudhuria Mkutano wa Kuacha Pombe: Utaratibu Ulivyo na Unavyodhaniwa

Katika siku za karibuni dawati letu la ushauri nasaha limekuwa likipokea malalamiko yanayofanana. Jamaa wa mraibu wanataka tuwathibitishie kwamba ndugu yao alifika mkutanoni, waajiri wanaagiza orodha ya mahudhurio, na wengine hukasirika wanapoambiwa kwamba orodha hiyo haipo. Haifichwi, haipo. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambavyo wengi huviita AA na ambamo walevi husaidiana kuacha pombe, haviweki rejista ya wanachama, havitoi kadi wala cheti, na huko kutotajana majina nje ya mkutano ndiko kunakomwezesha mwalimu mkuu kuketi karibu na mzazi wa mwanafunzi wake bila hofu.

Vikundi hivi havimilikiwi na Serikali wala na ofisi yetu. Chimbuko lake ni mji wa Akron, Ohio, nchini Marekani, ambako mwaka 1935 Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili walevi, waligundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwazuia kunywa. Sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha pombe. Hakuna ada. Mchango hupitishwa, na asiye na kitu hupisha chombo kiendelee. Kwa hiyo mtu yeyote anayekudai fedha za usajili ili akuingize AA hafuati utaratibu wa AA, na ni afadhali umwondokee.

Anayetafuta kikundi nchini Kenya anaweza kupiga simu nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya Serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo haitozwi malipo, aelekezwe kwa mshauri na huduma zilizo karibu naye. Ratiba za AA hupatikana pia kwenye tovuti yao, na ipo mikutano inayofanyika kwa intaneti, ambayo huwafaa walio mbali na miji mikubwa. Thibitisha mahali na saa kabla ya kupanda matatu, kwa kuwa vikundi vingi huazima ukumbi wa kanisa au wa hospitali, na ukumbi wa kuazima hauna budi kumpisha mwenyewe akiwa na shughuli. Uliza vilevile kama mkutano ni wa wazi, ambao hata jamaa huruhusiwa kusikiliza, au ni wa walevi peke yao. Ikiwa unaweza kuchagua, chagua wa jioni: sheria inaruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja siku za kazi, na hiyo ndiyo saa ambayo miguu ya wengi huwa imekwisha kuzoea njia yake.

Hata hivyo, aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla bila kumwona daktari. Mitetemeko na jasho huweza kuanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho, degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kukali kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hii huua. Mkutano hauna dawa wala muuguzi, na jamaa wanaomfungia mgonjwa chumbani ili pombe imtoke wanahatarisha maisha yake, hata kama wanafanya hivyo kwa mapenzi.

Kuhusu sheria, kwa kuwa tunaulizwa kila wiki: kuhudhuria mkutano si kukiri kosa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inamwadhibu anayepatikana amelewa na kuzua fujo hadharani, kwa faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Na anayerudia kosa hilo mara kadhaa ndani ya miezi 12 anaweza kuamriwa na hakimu apate matibabu ya uraibu katika hospitali ya umma, kwa gharama yake mwenyewe. Agizo hilo hutekelezwa hospitalini, na barua ya kuthibitisha hutolewa na hospitali. Kuhusu kazi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfuta mara moja mfanyakazi aliyelewa saa za kazi hata akashindwa kufanya kazi yake, lakini kifungu cha 41 kinamlazimu kwanza amsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Hakuna kifungu kinachomwadhibu mtu kwa kutafuta msaada.

Wapo wanaosema kwamba hili ni dini lililovishwa nguo nyingine. Ni kweli kwamba hatua 12 za AA, yaani mwongozo ambao wanachama huufuata, zinamtaja Mungu, kila mtu kwa jinsi amjuavyo, na wasioamini wapo pia. Wapo wanaosema “alienda mara mbili na bado anakunywa”, kana kwamba tumeuza dawa ya minyoo. Aliyeanguka hurudi kikundini bila kuandika barua ya msamaha, na kikundi kisipokufaa, jaribu kingine.

Mke, mume au mzazi anayetaka kusaidiwa yeye mwenyewe ana mikutano ya Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa. Humo pia hatapata taarifa za mgonjwa wake. Mgeni afike mapema kidogo, aseme jina la kwanza akipenda, na asipotaka kuzungumza aseme kwamba amekuja kusikiliza; zamu itampita.