Tumbo la Jumatatu: mtoto anapoumwa na vipimo vyote ni safi

Mtoto aliyelala mzima Jumapili anaamka Jumatatu akilia tumbo. Anapelekwa zahanati, anapimwa malaria, choo na mkojo, haonekani na kitu. Ikifika saa nne asubuhi, basi la shule limeshapita, tumbo limetulia na anaomba chapati. Hapo nyumba nyingi hutoa hukumu: huyu anadeka, akirudia tena atakiona.

Wengi wa watoto tunaowaona kliniki wameshapitia hukumu hiyo, ilhali hawakusema uongo. Utumbo umejaa mishipa ya fahamu inayowasiliana na ubongo muda wote. Hofu ikiingia, mwili humwaga homoni kama adrenalini, tumbo hubana na kichefuchefu hupanda. Mtu mzima anayesubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi huyapata hayo hayo, ila yeye anajua kuwa ana wasiwasi. Mtoto wa miaka minane anajua tumbo linauma tu, na kweli linauma.

Vipimo vitangulie. Homa, kutapika, damu kwenye choo, kupungua uzito au maumivu yanayomwamsha usiku ni mambo ya kumwona daktari siku hiyo hiyo. Hayo yakishaondolewa, tazama kalenda. Tumbo linalopona Jumamosi na wakati wa likizo linakuelekeza shuleni au njiani: mtoto mkubwa anayemnyang'anya hela ya kula, choo kisicho na mlango, kondakta anayemfokea, hesabu asizozielewa. Likianza jioni baba anaporudi, chanzo kiko nyumbani, na wazazi huchelewa sana kukubali hilo.

Kuuliza nako kuna namna yake. Mtoto akisimamishwa sebuleni na kuambiwa "Sema, nani kakufanya nini?" atafunga mdomo. Subiri mikono yenu iwe na kazi: mnachambua mchele, mnaanua nguo, mnatembea kwenda sokoni. Macho yako yakiwa kwenye sinia, yeye hupumua. Anza na ulichokiona: "Mwanangu, naona Jumatatu mbili hizi tumbo limekusumbua kabla ya shule. Shuleni kukoje siku hizi?" Kisha nyamaza. Kimya hicho kitakuwa kirefu na utatamani kukijaza mawaidha. Usikijaze. Akisema kitu, lile swali la "mbona hukusema siku zote?" limeze, mwambie amefanya vizuri kukuambia. Usimwahidi siri, kwa sababu kama kuna mtu anamdhuru itabidi uchukue hatua. Akitaja kuguswa vibaya, usimhoji mara kumi kutafuta ushahidi. Mpeleke hospitali mapema na utoe taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kama tukio ni la karibuni usimwogeshe wala usifue nguo zake kwanza.

Fimbo hutajwa sana na watoto wa Tanzania. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa la nidhamu, na vitolewe na mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye. Kukosea hesabu si kosa la nidhamu. Mzazi anayelijua hili anaweza kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu kwa adabu bila ugomvi. Wakati huo huo, usimwache mtoto nyumbani wiki nzima ukisubiri hofu iishe, kwani kadiri anavyokaa ndivyo shule inavyozidi kumtisha. Msindikize, muone mwalimu wa darasa, ikibidi aanze na nusu siku.

Kuna pia mbio za mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora mwaka 2023, lakini orodha hiyo imehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Anayeamka saa kumi alfajiri na kumaliza tuisheni saa mbili usiku hazipati, na hasira zake hazitatibika kwa semina ya nidhamu.

Nalisema na hili la kukojoa kitandani, kwa kuwa bado kuna mitaa ambako mtoto hutembezwa na godoro lake huku wenzake wakimwimbia. Mtoto aliyekuwa ameacha kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, apimwe mkojo na sukari. Asipoonekana na ugonjwa, fikiria msiba, wazazi kutengana, kuhama shule au kuonewa. Aibu ya mtaa mzima huongeza tatizo. Shuka hazikauki kwa hilo.

Siku moja mbaya si ugonjwa wa akili. Tunaanza kuwa na shaka mabadiliko yanapofika wiki mbili na kuvuruga maisha: hataki kula, hapati usingizi, hataki kucheza, amejitenga, amekuwa mkali kupita kawaida yake. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa watoto huweza kuja na hasira badala ya machozi. Akisema anatamani kufa au asingezaliwa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, fungia dawa na sumu zote za nyumbani na shambani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116, ya bure, hupokea simu za watoto na wazazi Tanzania na Kenya.

Kumwombea mtoto kwa sheikh au mchungaji hakugombani na matibabu, mradi asiachishwe dawa wala kufungiwa. Kwa yasiyo ya dharura, anzia kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Siku ya kwanza huwa ya mazungumzo zaidi. Andika siku alizoumwa, saa, na kilichotangulia. Beba madaftari yake ya shule, maana ukurasa ambapo kazi ilianza kuachwa nusu una tarehe. Na kama anayempokea kutoka shule ni bibi au dada wa kazi, mje naye.