Keifebu: mieleka ya kulipwa imepangwa, lakini je, ni feki?

Mieleka ya kulipwa, ile ya kina Undertaker na John Cena, ina mshindi anayejulikana kabla kengele haijalia. Hilo halina ubishi tena. Tatizo ni kwamba mtu akishalisema huruka moja kwa moja hadi kwenye neno "feki", na hapo ndipo anapowakosea heshima watu wanaofanya kazi ngumu kweli. Kupangwa na kuwa feki ni mambo mawili. Ili kuyatenganisha, tuanze na dhana ambayo wanamieleka wenyewe wameiishi kwa vizazi: keifebu.

Keifebu ni mwiko wa kazi. Kinachotokea ulingoni, pamoja na uadui na visasi vinavyokizunguka, huonyeshwa kwa watazamaji kama jambo la kweli, na aliye ndani hakiri mbele ya mtu wa nje kwamba kuna makubaliano. Desturi hiyo ina mizizi kwenye maonyesho ya kuhamahama ya Marekani ya karne ya 19, ambako wapiganaji walitembezwa mji hadi mji na siri ya mapambano ndiyo iliyokuwa mtaji wao.

Kupanga kwenyewe kulisukumwa na jambo rahisi: mieleka halisi inaweza kumchosha mtazamaji. Mwaka 1908, mjini Chicago, Frank Gotch na George Hackenschmidt waligombea ubingwa wa dunia kwa takriban saa mbili, sehemu kubwa ya muda huo wakiwa wima wanasukumana. Katika miaka ya 1920 Ed Lewis, maarufu kama "Strangler", pamoja na washirika wake Billy Sandow na Toots Mondt, wakaubadilisha mchezo. Waliweka mipaka ya muda, mitupo ya kuvutia macho, na matokeo yaliyokubaliwa mapema.

Tangu hapo mwiko ulilindwa kwa ukali. Steringi na adui hawakutakiwa kuonekana pamoja hadharani. Mwaka 1987 polisi wa New Jersey walilisimamisha gari moja, wakawakuta ndani yake Iron Sheik na Jim Duggan, wanamieleka waliokuwa mahasimu mbele ya umma. Walikamatwa kwa dawa za kulevya, lakini kilichowashtua mashabiki ni kuwaona mahasimu hao wakisafiri pamoja. Kampuni yao ya mieleka, WWF (leo WWE), iliwaachisha kazi wote wawili. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwandishi wa televisheni John Stossel alimwambia mwanamieleka David Schultz ana kwa ana kwamba anaamini mieleka ni feki, naye Schultz akamzaba makofi mawili ya masikioni. Halafu, mwaka 1989, kampuni ileile ya WWF ikaliambia baraza la seneti la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani wala si shindano halisi, ili iondokane na usimamizi wa tume ya michezo na kodi zake. Mwiko wa miaka mingi ukavunjwa na wenye biashara wenyewe.

Sasa, ni nini hasa kinachokubaliwa? Mshindi, namna pambano litakavyoisha, na matukio makubwa ya katikati. Mengine mengi huamuliwa palepale, kwa kunong'onezana wakati mmoja amemkaba mwenzake, na mwamuzi hupeleka ujumbe kati yao. Mpiganaji hupunguza nguvu ya ngumi, na anayepigwa huonyesha maumivu makubwa kuliko aliyoyapata. Hata damu mara nyingi ni yake halisi, imetolewa kwa kipande kidogo cha wembe alichojikatia paji la uso kwa siri.

Anguko ndilo lisilopangika. Chini ya turubai la ulingo kuna mbao zilizolazwa juu ya vyuma, na kati yake sponji nyembamba tu. Mwanafunzi wa mieleka hutumia miezi akijifunza kuanguka: kidevu kifuani, mgongo wote utue kwa pamoja, mikono ipige sakafu ili mshindo usambae. Hiyo hupunguza madhara, haiyaondoi. Halafu kuna jambo ambalo nadhani ndilo moyo wa kazi hii, yaani mtu anapoinuliwa kichwa chini, shingo yake iko mikononi mwa yule anayeitwa adui yake. Mwenzake akikosea kwa upana wa kiganja, hakuna mpango utakaomwokoa.

Ndivyo ilivyomtokea Steve Austin tarehe 3 Agosti 1997. Owen Hart alimgeuza kichwa chini na kukaa naye, lakini kichwa cha Austin kilikuwa kimeshuka mno, kikagonga sakafu. Kwa muda hakuweza kusogeza mikono wala miguu. Hart, ambaye alielewa kilichotokea, akaanza kuwapigia kelele watazamaji ili kumnunulia mwenzake dakika. Austin akajikokota, akamkunja Hart kwa udhaifu uliokuwa dhahiri kwa kila mtu, akashinda, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa imekubaliwa. Matokeo yalikuwa ya kupangwa na jeraha lilikuwa la kweli, katika pambano lilelile. Huko Japani, Mitsuharu Misawa alifariki mwaka 2009 baada ya kubwagwa kwa mtupo ambao alikuwa ameupokea mara nyingi maishani mwake.

Makubaliano hayo yana uzito kiasi gani? Tazama kilichotokea Montreal, Novemba 1997. Bret Hart, kaka yake Owen, alikuwa anahamia kampuni pinzani na hakutaka kumwachia mpinzani wake Shawn Michaels mkanda wake wa ubingwa mbele ya Wakanada wenzake. Walikubaliana pambano livurugike bila mshindi wa kweli. Badala yake, Vince McMahon, mwenye kampuni, akaamuru kengele igongwe Hart akiwa amekabwa na hajasalimu amri. Hart alimtemea mate McMahon pale ulingoni, kisha akampiga ngumi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na ngumi hiyo haikuwa ya maigizo hata kidogo.

Hasira ya mashabiki ilikuwa ya kweli pia, na McMahon akaigeuza kuwa kazi: akaanza kuigiza tajiri dhalimu, na mpinzani wake mkuu akawa Steve Austin. Watazamaji walijua fika kwamba ugomvi huo umeandikwa, wakaufuata usiku baada ya usiku. Shingo ya Austin iliendelea kumsumbua muda wote huo. Mwaka 2000 alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, na mwaka 2003, akiwa na miaka 38, akaacha kupigana kama kazi.