Skokloster: kasri la Sweden ambalo mafundi waliondoka kabla ya kumaliza

Mtu akisikia kasri la karne ya 17 huko Ulaya anategemea kukuta dhahabu, mapazia mazito na picha za wakubwa ukutani, na Skokloster hayo yote yapo, ila mimi nikielezea hili kasri naanzaga na ukumbi ambao hauna hata kiti. Ni ukumbi mkubwa wa karamu, kuta ni tofali tupu hazijapigwa lipu, yani ukiingia unaweza kudhani ni saiti ya jana na mafundi wametoka kwenda kula. Kumbe wametoka tangu 1676.

Mwenye nyumba alikuwa Carl Gustaf Wrangel, jenerali wa Sweden aliyetajirika kwenye ile Vita ya Miaka Thelathini, vita kubwa ya Ulaya ya 1618 hadi 1648. Alizaliwa hapo hapo mwaka 1613, pembeni ya ziwa Mälaren kati ya Stockholm na Uppsala, na ujenzi akauanza 1654. Kasri lina pande nne zinazozunguka ua, na kila kona ina mnara wa pembe nane. Halafu cha ajabu mzee mwenyewe hakukaa sana humo maana vita na kazi za utawala huko Pomerania, jimbo la Ujerumani ambalo Sweden ililishika, zilimuweka mbali, akafariki 1676 kazi haijaisha na warithi hawakuendelea nayo. Mafundi wakaacha zana zao, na mpaka leo zana hizo zimehifadhiwa humo humo. Kwa sisi wa mambo ya kale hizo zina thamani kuliko dhahabu, maana dhahabu makasri mengi yanayo, lakini zana za mwashi wa miaka ile nani alizitunza?

Kiwanja chenyewe kina historia ndefu kuliko kasri. Neno kloster maana yake ni nyumba ya watawa, na kweli masista wa shirika la Sisteriani waliishi hapo tangu karne ya 13. Kanisa lao la matofali bado limesimama jirani na kasri. Mfalme Gustav Vasa alipoanza kutaifisha mali za kanisa 1527 mambo yao yakaharibika taratibu, na 1611 eneo likaingia mikononi mwa Herman Wrangel, baba yake Carl Gustaf. Ukoo huo uliwekewa sehemu ya makaburi kwenye kanisa lile lile la masista.

Sasa vitu vya ndani. Sehemu yake ni mali ya vita na tusizunguke, iliporwa. Picha maarufu zaidi ni Vertumnus ya mchoraji Mwitaliano Giuseppe Arcimboldo, ni sura ya Rudolf II, kaizari wa Dola Takatifu la Roma, imechorwa kwa matunda na mboga, pua ni peasi, nywele ni zabibu na masuke ya ngano. Ukiwa mbali unaona mtu, ukisogea unaona genge la matunda. Picha hiyo ilikuwa Prague, na jeshi la Sweden liliukomba mji huo 1648.

Watu wanauliza imekuwaje vitu vyote hivi havikuuzwa kidogo kidogo kama majumba mengine. Jibu ni urithi. Wrangel hakuacha mtoto wa kiume, kasri likaenda kwa bintiye aliyeolewa na ukoo wa Brahe, likawekwa kwa utaratibu ambao kwetu ungefanana na wakfu wa familia, yani haligawanywi wala haliuzwi, linashuka kwa mrithi mmoja tu. Brahe walipokwisha 1930 ukaingia ukoo wa von Essen, na serikali ikalinunua 1967.

Hita hakuna, kwa hiyo majira ya baridi ndani ni barafu kweli kweli. Wahifadhi hawataki kubadilisha, maana mbao na nguo za humo zimeshazoea hali hiyo miaka zaidi ya 300, na ukumbi wa karamu nao hakuna mpango wa kuupiga lipu.