Injili mtandaoni: kabla ya kurusha video, panga nani atajibu

Makanisa na huduma nyingi zinapoamua kuingia mtandaoni huanza na kamera. Michango inakusanywa, vifaa vinanunuliwa, chaneli inafunguliwa, na baada ya miezi michache kuna video za kutosha na watu wanaozitazama. Kinachosahaulika ni inboksi. Mtu ametazama, ameguswa, ameandika swali, na swali lake limekaa wiki tatu halijafunguliwa kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kulifungua. Kwa sisi tunaoshughulika na mawasiliano ya kanisa, hapo ndipo huduma ya vyombo vya habari inaposimama au kuanguka. Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza kwa wanaotaka kuanza huwaudhi kidogo: msinunue kamera kwanza, tafuteni watu wawili watakaojibu ujumbe kila siku.

Mtume Paulo alilijua hili. Katika Wakolosai 4:16 anaagiza waraka wake ukishasomwa kwao usomwe na kwa kanisa la Laodikia, nao wausome ule utakaotoka Laodikia. Huko ndiko kusambaza hasa, kwa chombo cha zama zake. Lakini mistari michache kabla ya hapo tunamkuta Tikiko, aliyetumwa kwao awaeleze habari za Paulo na kuwafariji mioyo. Karatasi ilikwenda na mtu wa kuulizwa. Na yule towashi Mwethiopia wa Matendo 8 alikuwa na andiko la Isaya mkononi, analisoma kwa sauti kabisa, lakini alihitaji Filipo apande garini na kuketi naye.

Redio nayo ilifundisha somo hilo hilo. Ibada ya kwanza kurushwa na kituo cha redio ilisikika tarehe 2 Januari 1921 kupitia KDKA ya Pittsburgh, Marekani, miezi miwili tu baada ya kituo hicho kuanza matangazo yake ya kawaida. Mwaka 1931 ulileta vituo viwili vilivyodumu: Redio Vatikani, iliyojengwa na Guglielmo Marconi mwenyewe na kuzinduliwa na Papa Pius XI tarehe 12 Februari, na kituo cha Kikristo cha HCJB cha Quito, Ekwado, iliyoanza siku ya Krismasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1948, shirika la matangazo ya Kikristo la FEBC likaanza kurusha matangazo kutoka Manila, Ufilipino. Mawimbi ya redio ya masafa mafupi (shortwave) yalivuka milima na mipaka ambayo mmisionari asingeruhusiwa kuivuka. Hata hivyo, nyuma ya mitambo kulikuwa na kazi ambayo haikusikika hewani: idara za barua. Wasikilizaji waliandika, barua zikasomwa, zikajibiwa moja moja, wengine wakaandikishwa kozi za Biblia kwa njia ya posta. Msikilizaji aliyepata jibu alijua kwamba sauti ile ya usiku ina mwenyewe.

Leo barua imekuwa ujumbe wa simu, na mwandishi wake hasubiri mwezi. Akikaa siku mbili bila jibu anakuwa ameshakwenda kwingine.

Tuje kwenye kinachorushwa. Wanaoanza huiwazia video peke yake, ilhali sauti ndiyo chombo kinachopuuzwa kuliko vyote. Mwaka 1939 huko Los Angeles, Joy Ridderhof, mmisionari aliyerudishwa na ugonjwa kutoka Honduras, alianzisha kazi ya kurekodi ujumbe wa Injili kwenye sahani za santuri kwa ajili ya watu ambao lugha yao haikuwa na Biblia au ambao hawakujua kusoma. Hitaji hilo halijaisha. Ulimwengu una lugha zipatazo 7,000, na zenye Biblia nzima ni zaidi ya 700. Halafu kuna hesabu ya kawaida ya data. Hotuba ya dakika 10 iliyohifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kabisa kwa sauti ya mtu anayezungumza, ina uzito wa takriban MB 5. Dakika hizo hizo kwa video ya wastani ya megabiti moja kwa sekunde ni kama MB 75. Faili la sauti linapita kwenye kundi la WhatsApp bila shida, linakaa kwenye kadi ndogo ya simu, na linasikilizwa na mtu anayepika au anayeendesha gari. Rekodi kwenye chumba chenye mapazia na godoro badala ya ukumbi mtupu, weka maikrofoni karibu na mdomo, na umeshamaliza nusu ya matatizo ya mwangwi.

Video ina nafasi yake, bila shaka. Filamu ya maisha ya Yesu iliyotolewa mwaka 1979 kwa kufuata Injili ya Luka imeshatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 2,000, na watu wanapoisikia katika lugha yao ya mama hukaa mpaka mwisho. Kwa klipu za mtandaoni weka manukuu, yaani maandishi ya kinachosemwa chini ya picha, maana wengi hutazama wakiwa wamezima sauti, na viziwi hawana njia nyingine isipokuwa hiyo na lugha ya alama. Dibaji ndefu za salamu na shukrani kwa wageni rasmi ziachie ibadani. Sekunde za kwanza zibebe jambo lenyewe.

Hakimiliki huwapata wengi bila kutarajia. Utenzi wa karne ya 18 hauna mmiliki tena. Maneno na muziki wake wa awali ni mali ya wote. Lakini rekodi ya kwaya iliyoimba utenzi huo miaka mitano iliyopita ina wenyewe, na mitambo ya YouTube inaweza kuitambua ndani ya dakika chache. Tafsiri mpya za Biblia pia zina hakimiliki, na vyama vya Biblia huweka wazi ni mistari mingapi unaweza kunukuu bila kuomba kibali. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeufuata, unailinda kazi kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na baadhi ya nchi zimeongeza hadi 70. Wimbo wa zamani unaouhitaji sana, imbeni wenyewe. Na neno hili la pembeni: huduma inayohubiri amri ya "Usiibe" huku ikitumia muziki wa wizi inajichekesha mbele ya watu wanaojua.

Amri ya kutoshuhudia uongo nayo ina kazi mtandaoni. Picha ya uponyaji iliyotoka nchi nyingine na mwaka mwingine, idadi ya waliookoka iliyopandishwa ili wafadhili wafurahi, habari ya mateso isiyo na chanzo: vyote hivi husambazwa na Wakristo wenye nia njema, na mtu mmoja mwenye kuchunguza akivifichua, huwezi kumrudisha asikilize habari za ufufuo. Programu za akili mnemba zimeongeza mtego mpya. Zinasaidia kupanga muhtasari au kutengeneza manukuu, lakini zinaweza kutoa mstari wa Biblia unaosikika kama Maandiko kabisa kumbe haupo. Kila rejea ifunguliwe kwenye Biblia na mtu kabla haijatoka.

Sasa turudi kwenye inboksi. Chukulia ujumbe wa aina inayokuja mara nyingi, kwa kawaida saa tano au saa sita za usiku, bila salamu: "Hivi Mungu anaweza kumsamehe mtu kama mimi?" Majibu matatu yanayotolewa haraka ni haya. Moja, "Amina, barikiwa sana." Huyu hakusoma. La pili ni kiungo cha mahubiri ya saa moja na nusu. La tatu ni mistari kumi na miwili ya msamaha iliyonakiliwa kwa mpigo. Mistari yenyewe ni kweli tupu, lakini mtu aliuliza kuhusu "mtu kama mimi", na hakuna aliyetaka kujua ni mtu gani. Jibu linalofaa ni fupi: "Asante kwa kuandika. Ndiyo, anaweza. Ungependa kuniambia kilichokufanya uulize usiku huu?" Kisha unanyamaza na kusubiri. Pengine atasema ametoa mimba, au ameiba kazini, au alikuwa anakupima tu aone kama kuna mtu. Petro alipowataka waumini wawe tayari kumjibu kila aulizaye sababu ya tumaini lao, aliweka na sharti la upole na heshima (1 Petro 3:15). Sharti hilo linamhusu hata anayekuja na kejeli kwenye maoni. Kumjibu kwa kejeli kutawafurahisha wafuasi wako, lakini mamia wanaosoma kimyakimya wanakupima wewe, hawampimi yeye.

Kazi hii inahitaji mipaka, na mipaka iandikwe kabla ya siku ya kwanza. Akaunti ionwe na watu wasiopungua wawili, mazungumzo yasihamishiwe kwenye namba binafsi ya mtumishi, mwanamke ajibiwe na mwanamke pale inapowezekana, na mtoto asizungumze na mtu mzima kwa siri bila mzazi kujua. Anayejibu asiombe wala kupokea fedha, hata sadaka iliyotolewa kwa moyo. Matapeli wanaofungua akaunti bandia kwa majina ya wahubiri wanaishi kwa mlango huo huo. Washa uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na msimbo wa pili) kwenye kila akaunti, na barua pepe ya kuirejesha iwe ya ofisi, kwani tumeona chaneli zikipotea kwa sababu kijana aliyezifungua alihama na nywila. Akiandika mtu anayetaka kujiua au anayepigwa nyumbani, maombi yaende sambamba na kumuunganisha na daktari, mshauri au polisi. Orodha ya namba hizo iwe mezani tayari, isitafutwe wakati huo.

Shuhuda zinahitaji tahadhari yake. Zipo nchi ambako kubadili dini kunamgharimu mtu ndoa, urithi au uhai. Picha ya ubatizo iliyowekwa kwa furaha inaweza kumfikia mjomba wake kabla ya jioni, na picha za simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali na saa zilipopigwa. Ridhaa ya mtu aliyeokoka juzi, mbele ya umati na akiwa amejaa furaha, haitoshi. Muulize tena baada ya wiki mbili, mkiwa peke yenu, na umweleze kwamba kilichoingia mtandaoni hakifutiki kirahisi.

Mwisho wa mazungumzo ya mtandaoni ni mlango wa kanisa lililo karibu na yule aliyeandika, na hata hapo kazi si kumtumia ramani. Mpigie kwanza mchungaji au kiongozi wa kikundi huko anakoishi, muulize kama yuko tayari kumpokea, kisha umpe mhusika jina la mtu atakayemsubiri na siku yenyewe. Baada ya siku hiyo mwandikie wote wawili. Mara nyingi utakuta hawakukutana: mmoja aliogopa, mwingine alisahau. Panga siku nyingine.